Chupa Tupu

Saa moja na nusu, kabla ya chai, kabla ya salamu ndefu,
nafungua kasha la mahameli nalitoa jiwe la gramu mia
kwa koleo, si kwa vidole.
Hata jasho la mtu mwaminifu lina uzito.
Mizani inasoma, inasita, inasoma tena.
Naandika tarakimu nne baada ya nukta, natia sahihi.
Halafu jokofu: nyuzi nne. Naandika.
Nje, korongo wamejipanga juu ya paa la mochwari
kama mawakili wanaongoja kesi iitwe.

Miaka tisa naandika nyuzi nne.
Mama mkwe wangu, kule Magu, huniuliza:
“Yaani serikali inakulipa uangalie friji?”
Namjibu, ndiyo mama.

Sasa sikia habari ya chupa.
Katika kila fungu la sampuli tunaweka moja isiyo na kitu:
maji safi, hamna damu, hamna sumu, hamna mtu.
Inapita njia ileile, sindano ileile, mashine ileile,
na kazi yake ni kunyamaza.
Ikinyamaza, ndipo tunaziamini zilizosema.

Alhamisi ile umeme ulikatika mara mbili,
jenereta likikohoa uani,
na mezani kwetu kulikuwa na kikombe cha uji kutoka Kayenze,
kimefungwa kwa lakiri nyekundu ya polisi.
Nshoma, mke wa marehemu, alikuwa Butimba mwezi wa nane.
Mwaloni walishamhukumu zamani,
pale pale kwenye mizani ya dagaa, isiyokaguliwa na mtu.
Mashine ikasema: sumu imo.
Mpelelezi alipiga simu mara tatu kabla ya adhuhuri.
Kisha ikapita chupa tupu.

Ikasema.

Kilima kidogo tu kwenye mchoro, kidogo
kama mtu aliyesimama Kamanga ukimtazama kutoka ng’ambo huku.
Nkwimba alikiona kwanza. Akanitazama. Nikamtazama.
Tulikuwa wawili chumbani,
na kitufe cha kufuta kilikuwa pale, jamani,
kipana kama mlango.

Mwamba ngoma huivutia kwake,
na ngoma tulikuwa nayo: Juni wanakuja wakaguzi wa ithibati,
mara ya pili hii, ya kwanza walituacha na kurasa kumi na moja za aibu.
Nani angeijua chupa ya maji?

Nkwimba akavuta daftari la dosari, lenye jalada la kijani.
*Chupa tupu imesema. Majibu ya fungu zima yamesi—*
Kalamu ikaisha wino.
Akanyoosha mkono bila kugeuka. Nikampa yangu.

Siku sita tulitafuta. Siku ya saba tukapata:
umeme uliporudi, sindano haikujiosha;
ilibeba mabaki ya sampuli iliyotangulia,
mbwa wa mtu wa Nyegezi aliyelishwa sumu na jirani.
Mbwa yule, marehemu naye,
ndiye aliyekuwa akimshitaki mwanamke wa Kayenze.
Tukaosha, tukarudia mara tatu, mikono mitatu tofauti.
Uji ulikuwa uji.
Sijui kama Nshoma ni mtu mwema.
Hilo mashine yetu haipimi.

Juni akaja mkaguzi, mama mfupi mwenye miwani ya kamba,
hakutaka soda, hakutaka kuonyeshwa mashine mpya.
Akaomba daftari la kijani.
Akalisoma polepole, kidole kikitembea,
hadi pale. Kidole kikasimama.
“Kwa nini wino umebadilika katikati ya neno?”
Nkwimba akaeleza: kalamu iliisha.
“Basi na hilo liandikwe,” akasema, akafunua ukurasa wa pili.

Cheti kilikuja Septemba. Kimetundikwa mapokezi,
kimepinda kidogo kushoto, hakuna aliyekipima.
Nyani haoni kundule; ndiyo maana tunamlipa mgeni aje atazame.

Leo jokofu linasoma nyuzi tano.
Naandika tano.